PODA YA ASIDI AMINO: INASHUSHA TANSIO KWELI?



Sisi makapita wa darasa la mwisho, upande wa Biolojia-Kemia, tumepewa kurasa hizi ili tufasirie jambo moja la sayansi. Wenzetu waliotutangulia waliandika juu ya mbu, na waliandika vizuri. Sisi tumechagua poda za asidi amino na tansio ya damu. Hatukuchagua jambo hili kwa sababu liko katika programu ya masomo. Tumelichagua kwa sababu tulimkosea mtu, na tunapenda kila mmoja ajue tulimkosea namna gani.

Mtu mwenyewe ni papa mlinzi wetu wa usiku. Ametupa ruhusa ya kusimulia, lakini jina lake tusiandike. Ana ugonjwa wa tansio tangu miaka minne, na kila asubuhi alipotoka zamu alikuwa akimeza kidonge chake na chai. Basi, siku moja kabla ya likizo ya Pasaka, akaja mbele ya internati na mkebe mweupe mikononi. Alikuwa ameununua kwa mtu mwenye kutembeza dawa, na bei yake ilikuwa karibu nusu ya mshahara wake wa mwezi. Maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza. Akatuambia: "Batoto bangu, ninyi njo mulisoma. Munisomee, hii kitu iko nini? Yule mutu aliniambia inamaliza tansio kabisa, hata vidonge hapana."

Tukasoma. Kati ya majina mengi tukaona moja tulilolijua: arginini. Kumbe wiki ile ile mwalimu wetu wa biolojia alikuwa ametufundisha habari ya arginini na mishipa ya damu! Tukafurahi kama mtu anayekutana na ndugu yake sokoni bila kumtazamia. Tukamjibu papa kwa sauti kubwa, kila mmoja akitaka kuonyesha elimu yake: "Ndiyo Papa, hii iko kweli. Inafungua mishipa." Hatukumwuliza kama ana vidonge vingine. Hatukutazama kipimo. Papa akatushukuru, akaenda, na tangu siku ile akaacha vidonge.

Wiki sita zilipita. Mwuguzi alipokuja kuwapima wafanyakazi, tansio ya papa ilionekana 190 juu ya 110. Mwuguzi akafunga kitambaa kwenye mkono wa pili, akapata karibu ile ile. Papa akashangaa: "Lakini mimi siumwe. Niko muzuri tu." Mwuguzi akamjibu: "Papa, tansio haipigi hodi."

Sasa tueleze yale ambayo tungepaswa kumweleza papa siku ile ya mkebe.

Tansio ni nguvu ambayo damu inasukumia kuta za mishipa. Mtu wa kwanza kuipima tunayemjua ni Stephen Hales, mtumishi wa kanisa wa Uingereza, ambaye alitoa kitabu chake mwaka 1733. Aliingiza mrija katika mshipa wa farasi, akaunganisha na bomba refu la kioo lililosimama wima, akatazama damu inapanda mpaka wapi. Ilipanda karibu mita mbili na nusu. Njia hiyo, mnafahamu wenyewe, hakuna mgonjwa atakayeikubali. Mwaka 1896 mganga wa Italia, Scipione Riva-Rocci, akatengeneza kitambaa cha kufunga mkononi chenye kujazwa hewa, kilichounganishwa na zebaki. Mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaongeza jambo la kusikiliza mshipa kwa sikio, na njo sababu mwuguzi anaweka kile chombo cha masikio hapa kwenye kiwiko. Namba ya juu ni wakati moyo unapofinya. Namba ya chini ni wakati moyo unapopumzika.

Namba hizo ni milimita za zebaki, na zebaki ni nzito kuliko maji mara 13.6. Fanyeni hesabu pamoja nasi. Tansio nzuri ya 120, mkiigeuza kuwa maji, ni 120 mara 13.6, yaani milimita 1632. Maji yangesimama mita moja na sentimita 63, kimo cha mwanafunzi wa kawaida. Tansio ya papa wetu, 190, inatoa milimita 2584. Maji hayo yangepita juu ya mlango wa darasa letu, na yangefika mahali ilipofika damu ya farasi wa Hales. Moyo wa mzee huyu ulikuwa ukisukuma hivyo usiku na mchana, mara zaidi ya laki moja kwa siku, naye anasema yuko mzuri tu.

Waganga wanasema tansio iko juu ikiwa inafika 140 kwa 90 au zaidi, tena ikipimwa zaidi ya mara moja. Kazi yake mbaya inaifanya polepole, katika mishipa midogo ya ubongo, ya macho na ya figo, na katika moyo wenyewe ambao unanenepa kama misuli ya mtu anayebeba mizigo bandarini. Mtu haoni kitu mpaka siku mkono na mguu wa upande mmoja vinakataa kutii.

Turudi kwenye arginini. Kila proteini tunayokula, iwe ya samaki wa Lualaba, ya maharagi au ya karanga, imeundwa kwa asidi amino zilizofungamana kama shanga katika uzi. Ziko aina ishirini za kawaida. Tisa kati yake mwili wa mtu mzima hauwezi kuzitengeneza, ni lazima zitoke katika chakula. Arginini haiko kati ya hizo tisa. Mwili wa mtu mzima unaitengeneza wenyewe, zaidi katika figo.

Na kweli arginini ina kazi katika tansio. Mwaka 1980 Mmarekani Robert Furchgott alionyesha kwamba ngozi nyembamba ya ndani ya mshipa inatoa kitu fulani kinachoamuru misuli ya mshipa ilegee. Kitu hicho kilikuwa nini? Waliotafuta walishangaa kukuta ni gazi, tena gazi ndogo kabisa, atomu moja ya azoti na atomu moja ya oksijeni. Mwaka 1988 watafiti wa Uingereza pamoja na Salvador Moncada wakaonyesha kwamba mwili unaikata gazi hiyo kutoka katika arginini. Mwaka 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad wakapewa Tuzo ya Nobel kwa habari ya gazi hiyo. Na hapa tunawapa kipande cha kuchekesha: Alfred Nobel mwenyewe, aliyetajirika kwa kutengeneza baruti ya nitrogliserini, alipougua moyo aliandikiwa na waganga wake hiyo hiyo nitrogliserini, akakataa kuitumia. Leo tunajua nitrogliserini inasaidia kwa kutoa gazi ile ile.

Mkitaka mfano wa hapa kwetu, fikirini Lualaba kule Kongolo, mahali panapoitwa Milango ya Jehanamu. Mto mpana unabanwa kati ya kuta za mawe, na maji yaliyokuwa yakienda kwa upole yanakuwa makali, hakuna mtumbwi unaopita. Hapa Kindu mto ni mpana na mama zetu wanavuka kwenda Alunguli na mabeseni yao ya bidhaa. Mishipa yetu nayo inaweza kubanwa au kupanuka, na ile gazi ni kama mtu anayesogeza mawe pembeni.

Kwa hiyo mwuza poda hakudanganya kila neno. Angedanganya kila neno, sisi tungemkamata. Alichukua kipande cha ukweli akakiuza kwa bei ya ukweli mzima, na sisi tukamsaidia kukiuza.

Maana kuna mambo ambayo mkebe hausemi. Arginini ikimezwa haiendi yote kwenye mishipa. Utumbo na ini vina enzimu inayoitwa arginazi, ambayo inaikata kuwa ornitini na urea. Wenzetu wa Biolojia-Kemia, njo ule mzunguko wa urea wa Krebs na Henseleit, wa mwaka 1932, ambao unatusumbua kila mtihani! Sehemu kubwa ya fedha ya papa ilitoka katika mkojo. Kuna hata asidi amino nyingine, sitrulini, iliyopata jina lake kutoka kwa tikiti maji, ambayo ini haiiharibu kwa upesi hivyo, na figo zinaigeuza kuwa arginini.

Je, poda hiyo inashusha tansio? Jibu la haki ni: ndiyo, kidogo. Mwaka 2011 watafiti walikusanya majaribio 11 yaliyofanywa kwa utaratibu, yenye watu 387 jumla, wengine wakipewa arginini na wengine poda isiyo na kitu. Waliopewa arginini, namba yao ya juu ilishuka kwa 5.39, na ya chini kwa 2.66. Hiyo si sifuri. Lakini toeni 5 katika 190, inabaki 185. Papa angekuwa bado katika hatari ile ile.

Tena tazameni kipimo, jambo ambalo sisi hatukulitazama. Katika majaribio hayo watu walikunywa kati ya gramu 4 na gramu 24 kila siku. Tulipoomba mkebe wa papa tena na kuusoma sawasawa, tukaona kila kijiko kina miligramu 500 tu za arginini, na mkebe wote una vijiko 60. Yaani gramu 30. Ili apate hata kile kipimo cha chini kabisa, gramu 4, papa angekunywa vijiko vinane kwa siku, na mkebe ungeisha siku ya nane. Mikebe minne kwa mwezi, kila mmoja nusu ya mshahara. Tulipomaliza hesabu hiyo ubaoni, hakuna aliyesema neno.

Na jambo ambalo lilitutia hofu zaidi ni hili. Huko Marekani, mjini Baltimore, waganga waliwapa arginini watu waliokuwa wametoka tu kupata shambulio la moyo, gramu 3 mara tatu kwa siku, wakitumaini kuwasaidia. Matokeo yalitolewa mwaka 2006. Watu 153 waliingia katika jaribio hilo. Moyo na mishipa yao havikupata faida yo yote, na katika kundi la arginini walikufa watu sita, wakati katika kundi lingine hakufa hata mmoja. Waganga wakasimamisha jaribio. Watu ni wachache, na hatuwezi kusema kwa hakika arginini njo iliwaua. Lakini ni onyo kubwa kwa anayesema "ni chakula tu, haina madhara". Tena mtu akiichanganya na dawa za kushusha tansio, au na hiyo nitrogliserini, tansio inaweza kushuka kupita kiasi akaanguka.

Hapa tunageukia ndugu zetu wa internati, maana tunawaona. Wako wanaonunua poda za kujenga misuli, na wako wanaokunywa vikopo vya kinywaji cha nguvu usiku wa kuamkia mtihani. Juu ya vikopo hivyo limeandikwa neno taurini, na wengine wanajivuna kwamba taurini inashusha tansio. Ni kweli kwamba mwaka 2016 kulitoka jaribio la China, watu 120 ambao tansio yao ilikuwa imeanza kupanda. Waliokunywa gramu 1.6 za taurini kila siku kwa wiki 12, namba yao ya juu ilishuka kwa 7 hivi. Lakini katika kikopo chako taurini haiko peke yake. Iko pamoja na kafeini nyingi, na kafeini inapandisha tansio. Katika poda nyingi za misuli ni vile vile. Kijana mwenye afya atalala vibaya tu, moyo utampigapiga. Lakini mnajuaje kama tansio yenu ni nzuri? Nani kati yenu amepimwa mwaka huu? Sisi wenyewe, tulipopimwa na mwuguzi siku ile, mmoja wetu alikutwa na 142 kwa 90, naye ana miaka kumi na minane.

Baada ya habari hiyo tukaanza kuuliza: kama poda si kitu, ni nini kinachopandisha tansio za watu wetu? Na hapa tulipata habari nzuri kutoka kwa majirani zetu wa Kenya.

Mwaka 1929 mganga mmoja Mwingereza, Donnison, aliyekuwa akifanya kazi Kavirondo ya Kusini, karibu na ziwa Viktoria, alitoa habari yake katika gazeti la waganga la London. Alikuwa amepima tansio ya watu elfu moja wa vijijini. Ulaya tansio ilipanda kadiri watu walivyozeeka. Kule Kavirondo aliona haipandi, hata kwa wazee ilishuka. Sasa msidhani damu ya Mwafrika ni ya namna nyingine. Mwaka 1990 ulitoka utafiti wa Wajaluo waliohama kutoka vijiji vya kando ya ziwa lile lile kwenda kutafuta kazi Nairobi. Watafiti waliwafuata, wakawalinganisha na ndugu zao waliobaki kijijini. Tansio za waliohama zilianza kupanda katika miezi ya kwanza tu. Katika mkojo wao sodiamu iliongezeka na potasiamu ikapungua. Maana yake ni nini? Mjini walikula chumvi zaidi, na mboga na matunda kidogo kuliko nyumbani. Damu ni ya ukoo ule ule, lakini sahani imebadilika.

Chumvi ya kawaida, karibu asilimia 39 ya uzito wake ni sodiamu. Sodiamu inashikilia maji mwilini, na maji yakizidi katika mishipa nguvu inaongezeka. Shirika la Afya la Ulimwengu linasema mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na hapo wamehesabu pia ile iliyojificha katika mkate na samaki.

Na sasa mtashangaa nasi. Iko asidi amino moja ambayo kila jiko la Kindu linaijua, na kila mama anainunua bila mwuza dawa kumshawishi: glutamati. Mwaka 1908 mwalimu wa kemia wa Tokyo, Kikunae Ikeda, aliitoa katika majani ya bahari ambayo Wajapani wanapikia mchuzi, akakuta njo inayoleta ule utamu wa nyama. Ili iwe rahisi kuitumia aliifunga na sodiamu. Mwaka ule ule wa 1908 kampuni ya Julius Maggi wa Uswisi ilianza kuuza vile vipande vya mchuzi, ambavyo leo sisi tunaviita Maggi hata kama ni vya kampuni nyingine. Glutamati yenyewe ina sodiamu asilimia 12 tu, kidogo kuliko chumvi, basi tusiitupie lawama yote. Lakini chukueni karatasi ya kipande cho chote mkaisome: mara nyingi neno la kwanza ni chumvi. Na sisi tunafanya nini? Tunatia vipande vitatu katika sufuria ya sombe, halafu tunatia chumvi kwa mkono, halafu tunaweka makayabu, samaki aliyekaushwa kwa chumvi. Mara tatu chumvi, katika sufuria moja, halafu tunakwenda sokoni kutafuta poda ya kushusha tansio!

Watafiti wa London walikusanya majaribio mengi ya kupunguza chumvi, wakatoa jumla yake mwaka 2013. Watu wenye tansio waliopunguza chumvi kiasi cha gramu 4 na nusu kwa siku, namba yao ya juu ilishuka kwa 5 na kitu. Linganisheni na arginini. Ni karibu sawasawa kabisa! Tofauti ni kwamba arginini inanunuliwa kila wiki kwa nusu ya mshahara, na kupunguza chumvi hakuna bei, tena kunaacha franka mfukoni. Mama mpishi wetu, tulipomweleza, alituonyesha namna anavyofanya nyumbani kwake: anaroweka makayabu usiku mzima, anamwaga maji, anaosha tena, na katika sufuria hatii chumvi nyingine. Tulionja. Wa kwanza wetu alisema haina ladha, lakini alirudia sahani.

Mtu atasema: lakini asidi amino tunazihitaji. Naam, sana, na katika nchi yetu tunajua kinachotokea zikikosekana. Mwaka 1938 mganga Giovanni Trolli aliandika habari ya ugonjwa wa Kwango, magharibi mwa Kongo, unaoitwa konzo, ambao unapooza miguu ya watu kwa ghafula na hairudi kuwa mizima. Ugonjwa huo ulionekana pia Tarime, Tanzania, mwaka 1985. Unawapata watu wanaokula muhogo mchungu usiorowekwa vya kutosha, bila maharagi wala samaki. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na mwili unaiondoa sumu hiyo kwa kutumia kiberiti kilichomo katika asidi amino mbili, metionini na sisteini. Zikikosekana, sumu inabaki na nguvu zake. Basi mama anayeroweka muhogo siku tatu au nne na kuweka samaki kando ya bugali anafanya kemia nzuri kuliko ile ya mkebe.

Kwa arginini pia, msiende mbali. Gramu 100 za karanga, viganja vitatu hivi, zina karibu gramu 3 za arginini. Hiyo ni sawa na vijiko sita vya poda ya papa. Maharagi makavu yana gramu moja na nusu hivi katika gramu 100, na samaki zaidi ya gramu moja. Hatusemi karanga zinaponya tansio. Tunasema mwenye kula karanga, maharagi na sombe hana upungufu wa arginini wa kujazwa na mkebe. Mchele wetu wa Maniema una lisini kidogo, maharagi yana lisini mingi. Maharagi yana metionini kidogo, mchele unaongeza. Walioweka viwili hivyo katika sahani moja hawakungoja kemia iwaambie.

Vidonge vya papa navyo tuliviuliza kwa mwuguzi, maana tuliona aibu kwamba tulijua habari za Tuzo ya Nobel na hatukujua kidonge cha jirani yetu. Alikuwa akitumia amlodipini. Dawa hiyo inazuia kalsiamu isiingie katika misuli ya mshipa, na misuli isiyopata kalsiamu inalegea. Wengine wanapewa hidroklorotiazidi, ambayo inaamuru figo zitoe chumvi na maji. Dawa hizi haziondoi ugonjwa, zinaushikilia. Ukiacha, unarudi. Na kwa sababu mtu hasikii maumivu, anaona kidonge kama mzigo bure, na njo hapo mwuza poda anampata.

Jioni moja baada ya masomo tulikwenda kibandani kwa papa, sisi watatu. Tulikuwa tumetayarisha maneno, lakini yalitupotea. Mkubwa wetu akasema: "Papa, tunaomba utusamehe. Ile siku tulikusomea jina moja tu la mkebe, mengine hatukuyajua, na hatukusema hatujui." Papa alinyamaza kidogo, akaongeza kuni katika moto. Akasema: "Mimi nilifurahi juu ya muliisoma mbio bila kusita. Nikasema, hawa batoto banajua. Kumbe angekuwa mutu wa kusitasita ningemukataa." Halafu akatuuliza kama ile poda iliyobaki aitupe. Tulimjibu kwamba hatujui, tumwulize mwuguzi. Papa akacheka sana mpaka tukacheka naye.

Mwuguzi alisema aiache. Papa alirudia vidonge vyake siku ile ile. Baada ya wiki nne tansio ilikuwa 152 kwa 94, na kabla hatujapeleka karatasi hizi kupigwa chapa ilikuwa 138 kwa 86. Mwuguzi anasema bado anataka kumwona kila mwezi. Yule mwenzetu mwenye 142 naye anapimwa kila Jumatano, na ameacha vikopo.

Mkebe papa ameuosha. Anautumia kuwekea karanga zake za usiku, zisizotiwa chumvi, na anayepita kibandani anapewa.